Katuni Katika Nyumba ya Eda

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua hapa Garissa watalithibitisha, na wasionijua wasije wakadhani huyu ni mwanamke wa kujifunika shuka akisikia paka. Nafundisha Kiswahili katika shule ya wavulana. Mwalimu wa kike aliyezoea kusimama mbele ya kidato cha tatu baada ya maharagwe ya mchana, joto limepanda, nusu wanasinzia na nusu wanatafuta ugomvi, hana kikubwa kilichobaki duniani cha kumtia hofu. Kwa hiyo siku niliposhtushwa na katuni, mchana kweupe, hadi nikamwaga chai ya maziwa ya ngamia kwenye mkeka mpya wa watu, nilichohisi kwanza hakikuwa woga. Nilikasirika.

Mkeka ulikuwa wa dada yangu mkubwa, na dada yangu alikuwa eda.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alibeba unga, mafuta na sukari hadi Dadaab na Liboi, akarudi na vumbi kwenye ndevu na hadithi za vizuizi vya barabarani. Safari ya mwisho alirudi akishika kifua. Akasema ni uchovu, akanywa maji, akalala, na hakuamka. Alimwacha dada yangu na watoto watatu, nyumba ya mabati yenye ua mpana, na mama yake mzazi anayekaa bula, yaani mtaa, ya pili kutoka hapo.

Kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Hatoki nje bila dharura, hapaki hina wala wanja, hajifukizi uunsi, ule ubani wetu, na huvaa nguo nyeupe tupu, ile tunayoiita asay, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilihamia kwake siku ile ile ya mazishi. Mimi sina mume, na sababu zake ni kitabu kingine. Asubuhi nilikwenda shuleni, mchana nikarudi, nikapika, nikapokea wageni, nikawaogesha watoto kabla hawajaenda duksi kusoma Kurani. Nikisema nyumba ile niliishika kwa mikono miwili, sijisifu. Nilifanya hivyo kweli.

Na sote tulijua kinachokuja eda ikiisha. Wasomali tuna desturi ya dumaal: mjane huolewa na ndugu wa marehemu, ili watoto wasitoke katika ukoo na mama yao asibaki bila kivuli. Katika kesi hii ndugu alikuwa mmoja tu, kijana anayetengeneza simu sokoni, mdogo kwa dada yangu kwa miaka karibu kumi. Kila wiki alituletea mkokoteni wa punda wenye mitungi ya maji, akaishusha, akasalimia akiangalia ndala zake, akaondoka. Sheria ni kwamba mjane akiwa eda haposwi waziwazi. Ruhusa ni kudokeza tu, na mama mkwe wake alikuwa hodari wa kudokeza. Alikuja kila asubuhi, akaketi karibu na mlango, akashika tasbihi, akasema na hewa. "Mbuzi wakishazoea boma, kuwahamisha ni dhambi," alisema siku moja. Siku nyingine alisema, "Huyu kijana wangu mdogo, mashallah, siku hizi hata chai anajua kupika."

"Chai hata watoto wanajua kupika, hooyo," nilimjibu. Hooyo ni mama, na nilimwita hivyo kwa heshima, ingawa sauti yangu siku ile haikuwa na heshima nyingi.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Dada angekataa, angekuja na watoto kuishi kwangu. Nilikuwa nimetoa vitabu vyangu katika chumba cha pili nikavirundika barazani, nimenunua magodoro, nimemwambia fundi aongeze wavu dirishani. Je, nilikuwa nimemuuliza mwenyewe? Mgonjwa haulizwi uji. Kila nilipoligusa jambo lenyewe alinitazama kwa yale macho yake mazito akasema, "Eda haijaisha." Basi. Maneno mawili, halafu anageukia ukutani. Nilidhani ni huzuni, nikaona ni wajibu wangu kufikiri kwa ajili yake.

Katika vitu vya marehemu vilivyotolewa kwenye lori kulikuwa na tableti iliyofungwa ndani ya shuka lake. Mimi shuleni huiita kishikwambi, na ndiyo maana wanafunzi hunicheka. Ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, na shemeji yule mdogo akaichukua sokoni, akairudisha imefunguka. Tulitarajia kukuta mawaidha na labda mpira. Tukakuta katuni. Si moja wala mbili: folda nzima ya katuni za Kijapani, watu wa macho makubwa na nywele za rangi za ajabu, na juu ya orodha ile kulikuwa na picha ya daraja lenye theluji na tone la damu.

"Hiyo ni anime, mwalimu," shemeji alinieleza mlangoni, kwa Kiswahili chake cha vijana, akisahau haya kwa mara ya kwanza. "Ni ya kutisha, ya mauaji. Hujui nani anaua mbaka mwisho. Wallahi ni noma. Kakangu alikuwa anaangalia kwa barabara, akingoja kizuizi ifunguliwe."

Nilimtazama dada yangu. Mumewe, mzee mzima wa ndevu zilizotiwa hina, aliyewakemea watoto wasipoteze wakati kwa televisheni, alikuwa akikaa Liboi ndani ya kichwa cha lori akiangalia katuni. Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono akaipokea ile tableti, akaifuta kwa pindo la nguo yake nyeupe.

"Nataka kuona alichokuwa anaona," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Watoto wakiwa duksi, mji wote umelala kwa joto, hata wale korongo wakubwa wa jaa la taka wamesimama kimya, sisi tulifunga mlango, tukawasha feni, tukaegemeza tableti kwenye birika. Dada yangu hakusoma. Mimi nilipelekwa shule ya bweni na yeye akabaki na mbuzi kijijini Tarbaj, na hilo tumeshalizungumza na kulimaliza. Kiingereza cha yale maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya picha hakukijua, kwa hiyo nikawa mkalimani. Wajapani wakasema chao, mimi nikasoma Kiingereza, nikakitoa kwa Kisomali, na hapa nawaandikia kwa Kiswahili. Wimbo wa mwanzo tuliuruka kila mara, kwa heshima ya marehemu.

Hadithi ilikuwa hivi. Msichana mwanafunzi anahamia kijiji cha milimani ambako theluji haikomi. Kila mvua ya theluji ikishuka sana, mtu mmoja hupotea, na asubuhi viatu vyake hukutwa vimepangwa vizuri mlangoni kwake. Hakuna anayetaka kulizungumza jambo hilo. Na kwenye daraja la mtoni, kila jioni, anasimama mwanamke aliyevaa nyeupe kuanzia juu hadi chini, peke yake. Watu wanapita mbele yake bila kumsalimia.

Hapo ndipo nilipomwaga chai. Mwanamke yule aligeuza shingo ghafla, uso ukajaa kioo chote, na sauti kama ya kisu kwenye sahani. Niliruka. Dada yangu hakutikisika hata kidogo. Alikuwa amesogea mbele, amekunja uso kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Yuko eda."

Mtu yeyote aliyewahi kusoma hadithi mbili za kutisha angejua kwamba yule si mjane. Mtu wa kusimama darajani bila kuacha alama kwenye theluji si mtu wa kuletewa rambirambi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi dada yangu kuzungumza bila kuulizwa, na mimi nani nimkatize.

"Mbona yuko nje, basi?" nikamchokoza. "Eda si kukaa ndani?"

"Anatoka kwa dharura. Huoni yuko mtoni? Hana wa kumletea maji." Akatikisa kichwa. "Kijiji kizima, na hakuna hata mmoja wa kumbebea mtungi. Hawa watu hawana dini?"

Kuanzia hapo hadithi ilikuwa mbili. Moja ilikuwa ile ya kwenye kioo, na nyingine ilikuwa ya dada yangu, na ya dada yangu ilikuwa tamu zaidi. Kwa maoni yake muuaji alikuwa katika ukoo wa mume. Walimuua mume kwanza, sasa wanawamaliza wote wanaojua, na yule mjane anasimama darajani akingoja mtu wa haki apite. Kwa maoni yangu muuaji alikuwa daktari wa kijiji, bwana mmoja mpole mwenye miwani ambaye daima alikuwa wa kwanza kufika. Kikulacho ki nguoni mwako. Tulibishana tukichambua mchele, tulibishana tukikunja nguo. Nilipokuwa nasahihisha insha shuleni nilijikuta natafuta ushahidi dhidi ya daktari.

Kulikuwa na polisi pia katika kijiji kile, mnene, mvivu, anayekunywa chai kila tunapomwona. Dada yangu alimchukia kwa moyo wote. Na hapa kuna jambo ambalo labda ni sisi tu wa huku tunaolielewa: alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili. Pamoja nami alisema Kisomali, lakini polisi kwetu ni mtu wa Kiswahili, huwezi kumgombeza kwa lugha nyingine. "Wewe bolisi!" alimfokea, kidole kwenye kioo. "Kwa nini wewe hana fanya kazi? Nyayo iko hapo! Angalia chini!"

Nyayo zilimtesa sana. Msichana aliyekua nyuma ya mbuzi hawezi kuona alama ardhini akapita bila kuisoma, na theluji ile ilikuwa imejaa alama. Alinisimamishia picha mara kwa mara. Huyu anachechemea mguu wa kushoto, alisema. Huyu amebeba mzigo. Hapa walipita wawili, na mmoja amerudi kinyumenyume. Nilivutiwa mno, nikaanza kumwamini, na kwa siku kadhaa tulimtafuta kiguru katika kijiji chote cha Wajapani. Hakukuwa na kiguru. Nadhani mchoraji alikuwa amechoka tu, akachora nyayo jinsi mkono ulivyokwenda. Dada yangu alipolielewa hilo alijiona ametukanwa. Alisema mtu asiyejua kuchora nyayo asichore theluji.

Wageni walipobisha tuliificha tableti chini ya mto, tukashika tasbihi. Kuangalia mauaji ukiwa eda, sijui fatwa yake, na sikutaka kuijua. Lakini siku moja mama mkwe alikuja mchana badala ya asubuhi, akasukuma mlango bila kubisha, na tableti ilikuwa wazi pale kwenye birika, yule mwanamke mweupe amesimama darajani.

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeshapanga sentensi yangu ya kwanza, na ilikuwa kali. Mama mkwe hakuniangalia. Alijishusha polepole kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akakodoa macho kwenye kioo kwa muda.

"Huyo wa nyeupe," akauliza, "watoto wake wako wapi?"

Tukatazamana. Vipindi vyote vile, na hakuna kati yetu aliyekuwa amejiuliza hilo.

"Hatujaonyeshwa, hooyo," dada akasema.

"Hamjaonyeshwa," akarudia yule mama. Akanyanyuka kwa kushika goti, akaenda zake. Niliona ni kidokezo kingine cha dumaal. Nilimwambia dada kwamba sasa bibi ameanza kutumia hata katuni. Dada akabonyeza kioo, picha ikaendelea.

Tableti ile ilikuwa na tabia ya kuweka mstari mwekundu chini ya kila kipindi kilichokwisha kutazamwa. Sisi tulikuwa tukifuata mstari ule bila kuufikiria. Halafu alasiri moja tulifungua kipindi kilichofuata na mstari ulikuwa umeishia katikati. Msichana ameshika kitasa cha mlango wa ghala, na hapo ndipo marehemu alipozima. Labda kizuizi kilikuwa kimefunguliwa, akawasha injini. Labda kifua ndipo kilipoanza.

Dada yangu aliweka kidole juu ya mwisho wa ule mstari. "Hajui nani aliyeua," akasema. Kisha akalia. Siku ya mazishi alilia kama wanavyolia watu, na nilimshika mabega. Siku hii alilia vibaya, kwa kwikwi, kamasi, mdomo wazi, kwa sababu mumewe amekufa bila kujua mwisho wa katuni. Nililia naye. Nilimpenda sana yule mtu, naona niliseme hapa mbele ya watu, kwa kuwa alipokuwa hai nilimwambia tu kwamba anaendesha vibaya.

Hatukuigusa tableti kwa siku kadhaa. Sikumhimiza. Halafu akaja mwenyewe jikoni nikikaanga vitunguu, akasimama mlangoni.

"Mpaka hapo nilikuwa naangalia naye," akasema. "Sasa njoo unisomee, niangalie kwa ajili yangu mwenyewe."

Vipindi vilivyobaki havikuwa vingi, na tulivila kwa pupa. Ghala likafunguliwa. Daktari wangu akafa, jambo lililoniharibia hesabu zote. Na katika kipindi cha mwisho kasoro kimoja, msichana akapanda hekaluni, akapata picha ya zamani ukutani, na katika picha ile alikuwepo mwanamke wa darajani, mavazi yale yale, uso ule ule. Mtunza hekalu akamweleza. Nilisoma maandishi yale kimya kwanza, nikajua hakuna pa kukwepea, nikayatafsiri: mwanamke huyo alikufa kabla msichana hajazaliwa. Nyeupe ile ni nguo wanayomvisha maiti. Wanakijiji wote wanamwona, na wote wanajua, ndiyo maana hawamsalimii.

Feni ilizunguka. Dada yangu hakuwa akitazama kioo tena, alikuwa akinitazama mimi.

"Ulijua," akasema.

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya chai," nikasema, maana sisemi uongo hata pale ungesaidia. "Uliona ni mjane, ukamhurumia. Nikaona nisikukatize, abaayo. Nilikuonea huruma."

Abaayo ni neno letu la kuitana dada kwa mapenzi, na siku ile halikufua dafu.

"Hivyo hivyo," akasema. Hakupaza sauti. "Wanakuja hapa asubuhi na jioni, wananikuta nimekaa mbele yao, wanakuuliza wewe. Anakula? Analala? Ataamua nini? Na wewe unawajibu. Anakula kidogo. Analala vizuri. Mimi niko hapa, na masikio ninayo. Hao Wajapani angalau yule wao amekufa kweli."

"Ulikuwa umenyamaza. Mgonjwa hau—"

"Mimi si mgonjwa. Nimefiwa."

Mimi ni mtu wa maneno. Nalipwa kwa maneno. Nilikaa pale nikayatafuta, na yaliyokuja yote yalikuwa ya kumweleza kwa nini nilikuwa sahihi. Nilikuwa sahihi kwa mengi, na bado naamini hivyo: watoto walikula, wageni walipokelewa, nyumba ilisimama. Lakini nilimwangalia dada yangu na nikaona kwamba sijui kabisa anataka nini. Miezi mitatu na zaidi tumelala chumba kimoja, na sikujua. Hilo lilinitisha kuliko uso wowote wa darajani, na nalisema waziwazi.

"Basi utawajibu nini?" nikamuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza namuuliza nikiwa tayari kusikia.

"Eda haijaisha," akasema. Akageukia kioo. "Maliza. Nataka kujua nani."

Muuaji, kama mnataka kujua, alikuwa yule polisi mnene. Dada yangu alipiga mkeka kwa kiganja akasema alijua tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Siku eda ilipokwisha, wanawake walikuja mapema. Walimwogesha, wakamfukiza uunsi mpaka moshi ukatoka madirishani, wakampaka hina, na akavaa dirac, gauni letu jepesi la sherehe, ya rangi ya machungwa iliyonifanya nitambue jinsi nilivyokuwa nimeisahau sura yake. Baada ya swala ya alasiri wazee wakafika. Upande wa marehemu walikuwa watatu, pamoja na yule kijana, aliyekaa mwisho wa mkeka akichunguza ndala zake kama kawaida. Upande wetu alikuwa adeer, ndugu wa baba yetu, aliyesafiri kutoka Tarbaj na kulala kwangu. Usiku ule wa kuamkia kikao nilimwambia anachotaka dada: nimeambiwa nisimjibie, na wewe usimjibie. Adeer alishangaa, akaniuliza kama naumwa.

Wanaume walikaa uani, wanawake walikaa ndani nyuma ya pazia, na mama mkwe alikuwa kati yao. Ikasomwa Fatiha. Ikanywewa chai. Mzee wa upande wao akasifu ukoo, akasifu marehemu, akasifu mvua, kisha akafika. Nyumba hii ni moja, akasema. Isivunjike. Kijana yuko tayari.

Kijana hakuonekana kama yupo tayari. Alionekana kama mtu anayengoja kizuizi kifunguliwe.

Adeer akajikohoza. Macho yote yakamgeukia, kisha, kwa mazoea ya miezi minne, yakanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na birika. "Na mwalimu unasemaje?" akauliza yule mzee. "Wewe ndiye unayemjua."

Nilikuwa na hotuba nzima. Ilikuwa nzuri.

"Mwulizeni mwenyewe," nikasema. "Yuko hapa."

Dada yangu akavuta pazia, akatoka, akasimama mahali ambapo wanawake na wanaume wote wangemsikia.

"Huyu ni ndugu yangu mdogo," akasema, akimwelekea yule kijana. "Ametuletea maji eda nzima na hakuinua macho. Mungu amlipe. Siwezi kuolewa naye, na yeye hawezi kunioa, na sote wawili tunajua, basi tusitiane aibu." Yule kijana akainua macho kwa mara ya kwanza, na sijawahi kumwona mwanamume aliyekataliwa akapumua vizuri namna ile. "Na kwa dada yangu sihami. Najua ameandaa chumba." Hakunigeukia aliposema. "Hii ni nyumba yangu. Nimekaa ndani yake mpaka nimejua kila bati linavyolia. Nitabaki hapa na watoto wangu, mlango wazi kwa kila mwenye damu nao. Hilo ndilo jibu. Nimelifikiri mwenyewe."

Magodoro yale yalikuwa mapya kabisa, bado yamo ndani ya nailoni. Nikamiminia wazee chai.

Walibishana, bila shaka. Mzee mmoja alitaka jambo liahirishwe, mwingine alitaka kujua tangu lini mjane anajibu mwenyewe, na adeer wangu akamwambia tangu leo, na nilimpenda kwa hilo. Kabla ya magharibi wakaondoka. Ndani tulibaki watatu tu: dada yangu, mimi, na mama mkwe wake, ambaye wakati wote ule hakuwa amesema neno. Alikuwa ameketi pembeni, tasbihi imesimama mkononi. Nikajua sasa yanakuja, na kwa mazoea nikajiandaa.

"Watoto wanabaki?" akauliza. Safari hii hakusema na hewa. Alimuuliza dada yangu.

"Wanabaki, hooyo."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Kesho asubuhi watakupelekea maziwa."

Yule mama akafunika uso kwa ncha ya shela, mabega yakaanza kutikisika. Dada akahama upande wake wa mkeka, akakaa naye bega kwa bega.

"Harusi waliitaka wanaume," mama mkwe akasema ndani ya shela. "Mimi nimezika mmoja. Nilikuwa naogopa dada yako atawapakia hawa watatu, awapeleke kwake, nisiwaone tena."

"Si ungeniuliza," dada akasema.

"Ulikuwa eda. Niliambiwa nisikuulize kitu," akasema, akiniangalia mimi.